Mwangalizi wa uchaguzi kutoka nje: kazi yake ni ipi, na inaishia wapi?

Tangu Novemba 2025, kila tunapofungua simu katika kipindi cha asubuhi, kuna swali ambalo halikosi kurudi. Msikilizaji wetu mmoja wa Busisi aliliuliza hivi: "Kama waangalizi wa Afrika wenyewe walisema uchaguzi haukufikia viwango, mbona matokeo yalibaki vilevile? Sasa walikuja kufanya nini?" Haikupita nusu saa, mwingine akapiga kutoka Nyehunge na swali la upande wa pili: "Hao wageni wametumwa na nani kuja kutuhukumu?"

Wasikilizaji hawa wawili hawakubaliani katika siasa, lakini wote wanamwona mwangalizi kama mtu mwenye madaraka. Mmoja analalamika kwamba hakuyatumia, mwingine analalamika kwamba amepewa. Kwenye redio muda ni mfupi na simu zinakatika, ndiyo maana nimeona niyaandike haya hapa, mtu ayasome kwa nafasi yake.

Msimamizi, wakala na mwangalizi

Siku ya kupiga kura, mtu anayeingia kituoni hukutana na watu wa aina nyingi, na majina yao yanachanganya. Msimamizi wa kituo na makarani wake ndio wanaoendesha kazi: wanakagua jina lako kwenye daftari, wanakupa karatasi ya kura, wanakupaka wino, na jioni wanahesabu. Wakala ni mtu wa chama, yupo pale kulinda kura za mgombea wake, na ana haki ya kuweka pingamizi. Mwangalizi hana chama na hana kazi ya kuendesha. Amepewa kibali na Tume aingie, aone, aandike, atoke. Wapo wanaomwita mtazamaji, na nadhani neno hilo linaeleza kazi yake vizuri zaidi.

Huku kwetu tunamjua mtu wa namna hiyo. Ukiuza shamba au ng'ombe, unaita mashahidi. Shahidi hapangi bei wala hashiki fedha, na akiona umepunjwa hana uwezo wa kuvunja biashara palepale. Lakini siku mnapofikishana kwa mwenyekiti wa kijiji au mahakamani, kitu cha kwanza mtakachoulizwa ni nani alikuwepo na aliona nini. Mwangalizi wa uchaguzi ni shahidi wa namna hiyo, aliyeitwa kutoka mbali ili asiwe ndugu wa muuzaji wala wa mnunuzi.

Mwaka 2005, mwezi Oktoba, mashirika yanayofanya kazi hii yalikutana Umoja wa Mataifa, New York, yakakubaliana juu ya kanuni zake. Kubwa kati ya hizo ni kwamba mwangalizi haingilii. Akiona karani anakosea, anaweza kumfahamisha msimamizi, kisha anaandika kwenye dodoso lake. Harusiwi kutoa amri, kusimamisha foleni, wala kugusa karatasi ya kura. Akifanya hivyo anaweza kunyang'anywa kibali na kurudishwa kwao.

Kuna chaguzi ambazo wageni walikuwa na madaraka ya kweli, lakini huo ulikuwa utaratibu mwingine kabisa. Novemba 1989, Namibia ilipopiga kura kuelekea uhuru wake, Umoja wa Mataifa ulisimamia kazi nzima, na mwakilishi wake alitakiwa kuridhika katika kila hatua. Namibia ilikuwa nchi inayotoka kwenye utawala wa Afrika Kusini ya makaburu. Nchi iliyo huru huendesha uchaguzi wake yenyewe, na waangalizi huja kwa mwaliko. Pasipo mwaliko, hawaji.

Wanavyofanya kazi

Mwaka 2015 nilikuwa kijana, naanza anza kushika maikrofoni. Siku ile ya tarehe 25 Oktoba nilisimama kwenye foleni hapa Sengerema mjini, gari jeupe likasimama, wakashuka watu wawili waliovaa vizibao vyenye maandishi mgongoni pamoja na mkalimani wao. Foleni nzima ilinyamaza. Mama aliyekuwa mbele yangu akasema, "Sasa leo hawaibi mtu." Wale wageni waliingia, wakakaa kama dakika 20 hivi, wakatoka wakiandika, wakaondoka. Yule mama akawatazama hadi gari lilipoishia kwenye vumbi. Akauliza, "Ndiyo basi?"

Ndiyo basi, kwa kituo kile. Ila kazi yao ni pana kuliko dakika zile 20.

Ujumbe mkubwa hutanguliza kikundi kidogo cha wataalamu wa sheria, habari na takwimu, pamoja na waangalizi wa muda mrefu wanaosambazwa mikoani wiki kadhaa kabla. Hawa ndio wanaofuatilia mambo yasiyoonekana siku ya kura: nani amezuiwa kugombea na kwa sababu gani, mikutano ipi imenyimwa kibali, redio na televisheni zinampa nani muda mwingi, daftari limeandikwaje, Tume imeteuliwa na nani. Siku chache kabla ya kura huja kundi kubwa zaidi, waangalizi wa muda mfupi. Hao wanapangwa wawili wawili, kila jozi na gari, dereva na orodha ya vituo. Saa moja asubuhi wanashuhudia kituo kikifunguliwa na sanduku likionyeshwa kuwa ni tupu. Mchana kutwa wanahama kituo hadi kituo. Saa kumi jioni wanachagua kituo kimoja na kukaa pale kura zihesabiwe, fomu ijazwe, mawakala wasaini.

Siku mbili tatu baadaye, mkuu wa ujumbe anaitisha waandishi wa habari na kusoma taarifa ya awali. Hiyo ndiyo tunayoisikia kwenye taarifa ya habari. Ripoti kamili, yenye kurasa nyingi na mapendekezo, huja wiki au miezi baadaye, wakati ambao watu wengi wameshahamia kwenye bei ya pamba na mvua za vuli. Binafsi naona huo ni upungufu wetu sisi watangazaji pia. Tunaisoma ile ya kwanza kwa sauti kubwa, na ile ya pili tunaiacha ipite.

Sasa tupige hesabu kidogo. Katika uchaguzi wa 2025 nchi ilikuwa na vituo vya kupigia kura karibu 100,000. Tuseme ujumbe mmoja una jozi 50 za waangalizi, na kila jozi inafika vituo 10 kwa siku, jambo ambalo si rahisi. Hapo wameona vituo 500, yaani nusu ya asilimia moja. Sengerema inafikika. Siku hizi ukitoka Mwanza unapita Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, husubiri kivuko tena. Lakini ukitaka kuona kura za Kome au Maisome lazima uvuke maji, na ziwa likichafuka utalala hukohuko. Mwangalizi mwenye orodha ya vituo kumi hataenda kisiwani akamalizie siku yake kwenye vituo viwili. Kwa hiyo msikilizaji wa mwaloni asishangae kama katika maisha yake hajawahi kumwona hata mmoja.

Wanachoweza kufanya ni kuchagua vituo vya mijini na vijijini vilivyotawanyika, kulinganisha madodoso, na kusema: katika vituo tulivyofika, hali ilikuwa hivi. Hayo maneno "katika vituo tulivyofika" huwa yamo kwenye taarifa zao karibu zote, na ndiyo ya kwanza kupotea habari inapofika vijiweni.

Pale walipoona, na pale walipokosa kuona

Tuanze na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Desemba 1980 Uganda ilifanya uchaguzi wa kwanza tangu kuangushwa kwa Idi Amin. Jumuiya ya Madola ilipeleka waangalizi. Kura zilipigwa tarehe 10 na 11, na kabla hesabu haijaisha, Paulo Muwanga aliyekuwa akiongoza Tume ya Kijeshi alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo. Waangalizi, pamoja na kasoro walizoziorodhesha, walitoa taarifa iliyoukubali uchaguzi ule kwa kuzingatia mazingira ya nchi. Milton Obote akarudi Ikulu. Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni, na vita vilivyofuata vikachukua miaka mitano. Sisemi waangalizi ndio waliosababisha vita. Nasema wapo Waganda ambao hadi leo wakisikia neno "waangalizi" wanakumbuka taarifa ile.

Miaka 20 baadaye Jumuiya hiyohiyo ya Madola ilikuwa Zanzibar, na safari hii haikumumunya maneno. Oktoba 29, 2000 vifaa vilichelewa au havikufika kabisa katika maeneo mengi ya Unguja, na uchaguzi ukafutwa katika majimbo 16 kati ya 50 na kupangwa kurudiwa tarehe 5 Novemba. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walisema hadharani kwamba shughuli ile ilikuwa vurugu tupu na wakataka uchaguzi wote wa Zanzibar urudiwe. Haukurudiwa wote, yalirudiwa majimbo yale 16. Januari 26 na 27, 2001 watu waliuawa katika maandamano, wengi wao Pemba, na wengine wakakimbilia Kenya kama wakimbizi. Oktoba mwaka huohuo CCM na CUF wakatia saini Muafaka. Hapo utaona waangalizi walisema kweli yao mapema, wala kauli yao haikuzuia lililotokea.

Mfano wa Kenya wa mwaka 2017 ndio ningependa kila mtu aukumbuke. Agosti 8 Wakenya walipiga kura. Nairobi ilikuwa imejaa wakubwa: Thabo Mbeki akiongoza ujumbe wa Umoja wa Afrika, John Mahama wa Ghana akiongoza Jumuiya ya Madola, John Kerry na Aminata Touré wa Senegal wakiongoza Kituo cha Carter, Marietje Schaake akiongoza Umoja wa Ulaya. Taarifa zao za awali zilisifu jinsi watu walivyojipanga na kupiga kura. Kerry aliwahimiza walioshindwa waende mahakamani badala ya barabarani. Wengi wakaelewa kwamba waangalizi wameshapitisha.

Upinzani ukaenda mahakamani kweli. Septemba 1, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta matokeo ya urais na kuamuru uchaguzi urudiwe. Haikuwahi kutokea hivyo Afrika. Kasoro kubwa waliyoiona majaji haikuwa kwenye foleni wala kwenye sanduku. Ilikuwa kwenye safari ya matokeo kutoka vituoni kwenda Nairobi: fomu zilizokosa alama za usalama, matokeo yaliyotangazwa kabla fomu zote za vituo hazijapatikana, na Tume iliyokataa kufungua mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe kama mahakama ilivyoagiza.

Hao waangalizi walidanganya? Siamini hivyo. Waliyoyaeleza waliyaona kweli. Lakini macho yao yalikuwa kwenye foleni za mchana, na shida ilikuwa kwenye namba za usiku. Majaji wenyewe walikumbusha kwamba uchaguzi ni mchakato mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo mashirika mengi yalianza kuwa waangalifu zaidi na kuweka nguvu kwenye ujumlishaji wa matokeo.

Malawi nayo ilipita njia hiyohiyo. Uchaguzi wa Mei 2019 haukulaumiwa sana na waangalizi wa nje. Februari 3, 2020 majaji watano wakaufuta, baada ya kuonyeshwa fomu za matokeo zilizopakwa ule wino mweupe wa kufutia makosa. Uchaguzi wa marudio wa Juni 2020 ulifanyika katikati ya korona, wageni wachache mno wakiwepo, na Wamalawi wakauendesha na kuulinda wenyewe. Rais aliyekuwa madarakani alishindwa.

Kwetu: 2015, 2020 na 2025

Uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi katika zama hizi, ule wa Oktoba 1995, uliangaliwa na wageni wengi. Waliona Dar es Salaam vifaa vikikosekana hadi Tume ikafuta uchaguzi wa jiji zima na kuurudia Novemba 19. Tangu hapo kila uchaguzi mkuu umekuwa na waangalizi wa nje, kwa idadi inayopanda na kushuka.

Mwaka 2015 walikuwa wengi. Rais mstaafu wa Nigeria Goodluck Jonathan aliongoza Jumuiya ya Madola, rais mstaafu wa Msumbiji Armando Guebuza akaongoza Umoja wa Afrika, Judith Sargentini kutoka Uholanzi akaongoza Umoja wa Ulaya. Taarifa ya awali ya Umoja wa Ulaya ilisema uchaguzi ulikuwa na ushindani mkubwa na kwa ujumla ulipangwa vizuri, ila tume zote mbili, ya Taifa na ya Zanzibar, hazikuwa na uwazi wa kutosha. Siku iliyofuata, Oktoba 28, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kufuta uchaguzi wote wa visiwani. Viongozi wa jumbe za kimataifa wakatoa tamko la pamoja la kueleza wasiwasi wao na kuitaka Tume ieleze sababu. Tume haikurudi nyuma. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF ikaususia.

Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya haukuwa na ujumbe wa waangalizi nchini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta wake, ukiongozwa na rais wa zamani wa Burundi Sylvestre Ntibantunganya, na ulisema uchaguzi uliendeshwa kwa namna ya kuaminika. Upinzani uliyakataa matokeo, na Ubalozi wa Marekani ukasema kasoro zilizoonekana na ukubwa wa ushindi vinatia shaka. Hapa nikumbushe kwamba ubalozi si ujumbe wa waangalizi. Balozi anasema kwa niaba ya serikali yake. Mnaposikia "mataifa ya nje yamesema", ulizeni kwanza ni nani kati ya hao.

Kisha ukaja Oktoba 29, 2025. Yaliyotokea siku ile na siku zilizofuata kila mmoja wetu ana lake la kusimulia: intaneti ilizimwa nchi nzima, Dar es Salaam watu walitakiwa wasitoke usiku, na wapo waliopoteza maisha. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura. CHADEMA haikuwa kwenye uchaguzi, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameondolewa.

Novemba 3, ujumbe wa SADC ulioongozwa na Richard Msowoya, spika wa zamani wa Bunge la Malawi, ulisoma taarifa yake ya awali. Ulisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao wa kidemokrasia. Ulieleza pia kwamba waangalizi wake waliokuwa Tanga walihojiwa kwa ukali na watu wa usalama, wakachukuliwa pasi za kusafiria na simu na kulazimishwa kufuta picha. Siku mbili baadaye ujumbe wa Umoja wa Afrika, chini ya rais mstaafu wa Botswana Mokgweetsi Masisi, ulisema uchaguzi haukufuata misingi ya Umoja huo wala viwango vya kimataifa. Ulitaja kura zilizoongezwa masandukuni, kuzimwa kwa intaneti, na waangalizi wake kutakiwa kutoka katika baadhi ya vituo wakati wa kuhesabu.

Upande wa serikali, Rais Samia alisema uchaguzi ulikuwa huru na wa kidemokrasia, na Tume ilikanusha madai ya kura bandia. Baadaye mwezi huohuo Rais aliunda tume ya kuchunguza vurugu na vifo, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Wasikilizaji wengi hawakuona uzito wa taarifa hizo mbili. Jumbe za Afrika zimekuwa zikilaumiwa kwa miaka mingi kuwa zinalindana: rais mstaafu anakuja kumwangalia rais, wanakunywa chai, anasema kila kitu kilikwenda shwari. SADC kwa mwanachama wake, na hasa Tanzania iliyowahifadhi wapigania uhuru wa nusu ya nchi za kusini, huwa inasema kwa upole sana. Safari hii haikusema hivyo. Mtu anaweza kukubali au kukataa walichosema, lakini hawezi kusema ni sauti ya mabeberu.

Kama hawawezi kufuta, inasaidia nini?

Narudi kwa msikilizaji wa Busisi. Mwenye uwezo wa kufuta uchaguzi ni Tume au mahakama. Kwa ubunge na udiwani, mgombea au mpiga kura anaweza kufungua kesi. Kwa urais, Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza mshindi hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema kifungu hicho kinakiuka haki na kuiagiza serikali ikirekebishe. Uchaguzi wa 2025 ulifanyika kifungu kikiwa palepale.

Tazama tofauti na Kenya na Malawi. Kule ripoti ya mwangalizi ikikosea, jaji anafungua fomu na kuisahihisha. Kwetu, kwa kura ya urais, hakuna jaji wa kufungua. Shahidi anabaki na daftari lake, na daftari hilo huwa miongoni mwa maandishi machache yasiyo ya Tume wala ya chama yanayoeleza kilichotokea. Ndiyo maana wanapigania waachwe wakae wakati wa kuhesabu, na ndiyo maana kunyang'anywa simu si jambo dogo.

Ripoti hizo pia husomwa na watu wenye fedha. Machi 2016, baada ya marudio ya Zanzibar, shirika la serikali ya Marekani la Changamoto za Milenia, MCC, lilisimamisha mpango wa dola milioni 472 uliokuwa wa kupeleka umeme, likitaja uchaguzi huo pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Kuna waliofurahi na kuna waliosema wananchi wa vijijini ndio walioadhibiwa. Mimi nilikuwa kundi la pili, na bado sioni ni kwa vipi mama asiye na umeme anatakiwa kulipia kosa la tume.

Faida nyingine inakwenda polepole. Waangalizi walipendekeza mara nyingi kwamba Tume iwe huru na sheria za uchaguzi zibadilishwe. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya, ikiwemo iliyoipa Tume jina lake la sasa la Tume Huru. Kama jina limekuja na kitu ndani yake, hilo bado linabishaniwa, na wapo wanaosema kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Macho yaliyo karibu

Mwisho kuna waangalizi ambao tunawasahau kwa sababu hawaji na gari jeupe. Desemba 2018 serikali ya Kongo haikuwaalika Umoja wa Ulaya wala Kituo cha Carter. Kanisa Katoliki likasambaza waangalizi wake takriban 40,000, watu wa parokia na jumuiya, hadi vijiji ambavyo hakuna mgeni angefika. Maaskofu walipotamka kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyakusanya, nchi nzima ilielewa maana yake. Tume haikubadilisha mshindi, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia maaskofu kwamba hawakuwepo.

Hapa kwetu wapo TEMCO ya wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtandao wa asasi uitwao TACCEO. Njia yao haijawa laini. Oktoba 29, 2015 polisi waliingia katika kituo cha TACCEO cha kukusanyia taarifa huko Dar es Salaam, wakawakamata watu na kuchukua kompyuta na simu. Asasi inayotaka kuangalia uchaguzi inaomba kibali kwa Tume kabla ya tarehe inayotangazwa, na Tume inaweza kukubali au kukataa.

Kwa mtu wa kawaida asiye na kibali kuna kitu kimoja kilicho wazi kwa kila jicho. Kura zinahesabiwa kituoni, na utaratibu ni kwamba nakala ya matokeo ibandikwe pale nje. Msikilizaji wetu wa kisiwani Kome, ambako gari jeupe halifiki, anaweza kusimama mbele ya karatasi ile na kuzinakili namba kwa kalamu yake, kisha kusikiliza zitakavyotajwa kwenye jumla ya jimbo. Wale wageni wawili wa mwaka 2015, jioni ile kwenye kituo walichokichagua, walitakiwa kufanya hivyohivyo.